Safari ya Miguu hadi Kambi ya Msingi ya Everest: Mwongozo kwa Msafiri wa Afrika Mashariki

Kambi ya msingi ya Mlima Everest, upande wa Nepali, iko mita 5,364 juu ya usawa wa bahari, juu ya mto wa barafu wa Khumbu, na mtu mwenye afya njema anaweza kuifikia kwa miguu bila kamba wala ujuzi wa kukwea miamba. Kutoka mji mdogo wa Lukla hadi kambini na kurudi ni takriban kilomita 130, na safari nzima huchukua siku 12 hadi 14 ukihesabu siku za kupumzika. Mwongozo huu ni wa mtu anayekusudia kwenda pamoja na mwongozaji, tangu anapoanza kupanga hadi anaporudi Kathmandu, mji mkuu wa Nepali, nao unatilia mkazo ratiba kuliko jambo lingine lolote. Miguu yenye nguvu na vifaa vizuri vina kazi yake, lakini kinachoamua kama msafiri atafika na kurudi salama ni muda anaoupa mwili wake uzoee hewa nyepesi.

Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu wasafiri wa kwetu waliokwisha kufika kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, huitazama kambi hii iliyo chini ya kilele hicho kwa zaidi ya mita 500 wakaona kwamba mtihani mgumu wameshaumaliza. Mantiki hiyo ina kasoro. Kwenye Kilimanjaro mtu hulala usiku mmoja au miwili karibu na mita 4,700, hupanda kileleni usiku wa manane, kisha siku hiyohiyo huteremka hadi Horombo au Mweka ambako mwili unapata nafuu. Huku Khumbu, eneo lenye kambi hii, utalala takriban usiku mitano juu ya mita 4,000, na siku ya kufika kambini hakuna mteremko mrefu wa kukuokoa jioni. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro anajua namna mwili wake unavyoitikia hewa nyepesi, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini mazoea yenyewe hupotea ndani ya wiki chache baada ya kushuka, kwa hiyo kila mtu huanzia sifuri pale Lukla.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Misimu mizuri ni miwili. Wa kwanza huanza Machi hadi Mei, na wa pili huanza mwisho wa Septemba hadi Novemba. Kati ya Juni na Septemba mvua za monsuni huleta matope, ruba, mawingu yanayofunika milima na ndege zinazoahirishwa siku baada ya siku. Desemba hadi Februari anga huwa safi, lakini baridi ni kali na baadhi ya nyumba za wageni za juu hufungwa. Anayetaka kuikuta kambi ikiwa na mahema ya wakweaji wanaojiandaa kupanda kilele aende Aprili au mwanzo wa Mei. Anayetaka anga angavu na mandhari ya mbali aende Oktoba au Novemba, akijua kwamba wakati huo atakuta kambini mawe, barafu na bendera za sala, na mahema machache sana au hakuna kabisa.

Hatua ya pili: pima afya kabla ya kulipa chochote

Nenda kwa daktari walau miezi mitatu kabla. Mweleze kwa uwazi kwamba utalala juu ya mita 5,000, umpe historia ya moyo, mapafu, pumu na shinikizo la damu, na umwombe akupime wingi wa damu. Kwa watu wa ukanda wetu kuna kipimo kimoja ambacho miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya wasafiri wa Ulaya haikitaji, nacho ni cha selimundu, yaani sikoseli (sickle cell). Mwenye ugonjwa wa selimundu hapaswi kwenda katika mwinuko huu hata kidogo. Aliyerithi jeni ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani haumwi chochote na huenda hajui kabisa kwamba anayo, anaweza kupatwa na maumivu makali ya ubavu wa kushoto huku juu, kwa sababu uhaba wa oksijeni husababisha damu kuganda ndani ya wengu. Katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, na katika pwani yetu, watu wenye jeni hiyo ni wengi mno. Kipimo chake ni rahisi, na ni afadhali jibu lipatikane Mwanza au Kisumu kuliko Gorak Shep, mahali pa mwisho pa kulala kabla ya kambi. Mjamzito naye aiahirishe safari hii.

Zungumza pia na daktari kuhusu asetazolamaidi, dawa inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox, ambayo huuharakisha mwili kuzoea mwinuko. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Husababisha kukojoa mara kwa mara na ganzi ya vidole, na mwenye mzio wa dawa za jamii ya salfa, ambao si wachache kwetu, lazima aseme hivyo mapema. Dawa hii husaidia mwili uzoee. Haibadilishi ratiba mbaya kuwa nzuri.

Mazoezi yanayofaa zaidi ni kupanda na kushuka milima ukiwa na mfuko mgongoni, na nchi zetu hazina upungufu wa mahali pa kufanyia hivyo. Milima ya Ngong, Longonot, Uluguru na Usambara inatosha kwa kujenga miguu na pumzi. Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500, au Point Lenana ya Mlima Kenya yenye mita 4,985, itakuonyesha jinsi kichwa chako kinavyoichukulia hewa nyepesi. Usiache mazoezi ya kuteremka, kwa kuwa magoti huumia zaidi wakati wa kurudi.

Hatua ya tatu: mchague mwongozaji kwa maswali

Tangu Aprili 2023 Nepali imeweka kanuni ya kuwataka wageni watembee milimani na mwongozaji mwenye leseni, ingawa eneo la Khumbu limekuwa na utaratibu wake na kanuni hiyo haijatekelezwa huko kama kwingineko. Hata pasipo kanuni yoyote, mimi ningemshauri anayekwenda mara ya kwanza asiende peke yake. Mtu anayeanza kuugua ugonjwa wa mwinuko ndiye wa mwisho kulitambua hilo, kwa kuwa ubongo anaoutegemea kufanya uamuzi ndio unaokosa oksijeni, na hapo anahitaji mtu mwingine mwenye mamlaka ya kumwambia ateremke.

Kwa hiyo usianze na bei. Iombe kampuni ikutumie ratiba, uihesabu wewe mwenyewe: ina siku mbili kamili za kuzoea hewa, moja Namche na nyingine Dingboche au Pheriche, ambavyo ni vijiji vya njiani? Ikiwa kampuni inakuahidi kambi kwa siku saba au nane za kwenda na kurudi, achana nayo hata kama ni nafuu. Kisha uulize mambo haya: mwongozaji ana leseni ya serikali na mafunzo ya huduma ya kwanza? Kuna kifaa cha kupima oksijeni, na chupa ya oksijeni itapatikana wapi ikihitajika? Mgonjwa akirudishwa chini, nani ataongozana naye na nani atabaki na kundi? Wapagazi wana bima, mavazi ya baridi na mahali pa kulala, na kila mmoja anabeba kilo ngapi?

Swali la wapagazi nalisisitiza kwa makusudi. Watu wa Moshi na Arusha wanajua vizuri kuliko wengi ugumu wa kazi ya kumbebea mgeni mzigo mlimani, na wanajua kampuni ya bei ya kutupa inakata fedha hizo wapi. Wapagazi wengi wa Khumbu si Washerpa wenyeji wa mwinuko huo, bali ni Warai, Watamang na watu wa makabila mengine kutoka mabonde ya chini, na ugonjwa wa mwinuko huwapata kama unavyotupata sisi. Kwa kawaida mpagazi mmoja huhudumia wasafiri wawili, na mzigo wake wote pamoja na vitu vyake usizidi kilo 30. Hii ina maana kwamba begi lako wewe lisizidi kilo 12 hivi. Neno Sherpa ni jina la kabila, kwa hiyo si adabu kumwita hivyo kila anayebeba mzigo.

Hatua ya nne: viza, vibali na bima

Raia wa Kenya, Uganda na Tanzania hupata viza ya utalii wanapofika uwanja wa ndege wa Kathmandu. Ya siku 30 imekuwa dola 50 za Marekani. Raia wa Somalia na Ethiopia wamekuwa miongoni mwa mataifa yanayotakiwa kuomba viza ubalozini kabla ya kusafiri, kwa hiyo waulize mapema. Pasipoti iwe na muda usiopungua miezi sita. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Nepali hukidai kwa watu wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Ndege za kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe huunganisha Doha au Dubai.

Vibali ni viwili: cha Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, na cha halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu. Kila kimoja kimekuwa takriban rupia 3,000 za Nepali, na vyote hupatikana njiani, kimoja Lukla na kingine lango la Monjo, ingawa mara nyingi kampuni huvishughulikia. Hakikisha tu kwamba mkataba unasema vimo ndani ya bei.

Bima ndiyo karatasi ya kusomwa neno kwa neno. Bima nyingi za kawaida za safari huishia mita 3,000 au 4,000. Unayohitaji lazima iandike wazi kwamba inagharimia kutembea hadi mita 6,000 na kuokolewa kwa helikopta. Iandikie kampuni ya bima ikuthibitishie kwa maandishi, kisha umpe mwongozaji nakala yenye namba ya simu ya dharura. Fahamu pia kwamba mwaka 2018 serikali ya Nepali ilichunguza udanganyifu wa helikopta, ambapo wasafiri wenye maumivu madogo walishinikizwa wapande ndege wasizozihitaji ili bima ilipe. Ukiwa na maumivu madogo ya kichwa na unaweza kutembea, tiba ya kwanza ni kupumzika au kuteremka kwa miguu. Ukiwa huwezi kusimama, helikopta haina mjadala.

Hatua ya tano: vifaa

Usinunue vitu vipya vya bei kubwa kabla ya kupita kwenye mitumba. Gikomba kule Nairobi na soko la Memorial kule Moshi huwa na jaketi za manyoya, suruali za mlimani na fulana za sufu zenye ubora ambao dukani ungelipa mara nyingi zaidi. Vingine, hasa begi la kulalia na jaketi zito, unaweza kuvikodi katika mtaa wa Thamel, Kathmandu. Kitu kimoja usichokodi wala kununua dakika za mwisho ni buti. Zivae nyumbani kwa wiki kadhaa hadi ziufuate mguu.

Vaa nguo kwa tabaka: fulana nyembamba isiyo ya pamba, kisha sweta la joto, kisha jaketi la kuzuia upepo na mvua, na jaketi la manyoya la jioni. Pamba ikilowa jasho haikauki, na huko juu jasho likipoa hukutia baridi kali. Begi la kulalia liweze kuhimili nyuzi 15 chini ya sifuri, maana usiku wa Oktoba na Novemba kule Gorak Shep hufika huko, na vyumba vya kulala havina moto. Jiko linalowashwa kwa samadi ya yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, huwa kwenye ukumbi wa kulia tu. Ongeza glavu za tabaka mbili, tochi ya kichwani, fimbo mbili za kutembelea na chupa mbili za lita moja zinazohimili maji ya moto. Mwenye rasta au misuko minene aijaribu kofia ya baridi kabla ya kusafiri, kwa kuwa nyingi hazishuki hadi masikioni.

Miwani ya jua inayozuia miale hatari si pambo. Ngozi nyeusi humlinda mtu kiasi dhidi ya kuungua, lakini haimlindi macho hata kidogo, na mwanga unaorudi kutoka kwenye barafu unaweza kukupofusha kwa siku kadhaa. Paka losheni ya kuzuia jua hata hivyo, hasa puani na midomoni. Beba pia skafu nyepesi au kipande cha kanga cha kufunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi na hewa kavu ya baridi huleta kikohozi kikavu ambacho watu wa Khumbu wanakijua vizuri, na ambacho kimewarudisha watu wengi wenye miguu imara.

Hatua ya sita: kufika Lukla

Lukla iko takriban mita 2,850, na uwanja wake, ulioitwa kwa heshima ya Tenzing Norgay na Edmund Hillary waliofika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, una njia ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 527 tu, iliyoinama kuelekea bondeni. Ndege ndogo huruka asubuhi kabla ya mawingu na upepo. Katika miezi yenye wageni wengi, safari nyingi hazianzii Kathmandu bali Ramechhap, ambako ni mwendo wa saa nne au tano kwa gari, kwa hiyo tegemea kuondoka hotelini usiku wa manane. Mzigo unaoruhusiwa kwa kawaida ni kilo 15 kwa jumla. Siku yoyote hali ya hewa inaweza kuufunga uwanja, na hakuna hasira itakayoufungua.

Hatua ya saba: njia, kijiji kwa kijiji

Siku ya kwanza kutoka Lukla ni fupi na ya kuteremka, hadi Phakding yenye mita 2,610. Ya pili hufuata mto Dudh Koshi, huvuka madaraja ya kuning'inia, hupita lango la hifadhi pale Monjo, kisha hupanda mlima mrefu hadi Namche Bazaar, mita 3,440. Hapo pana kosa la ratiba nyingi: mtu aliyelala Phakding anapanda mita 830 kwa siku moja, wakati kanuni inayokubalika na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi mita 500 juu ya pa jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Ukiweza, omba usiku wa kwanza au wa pili ulale Monjo, mita 2,835, ili siku ya Namche iwe nyepesi.

Namche utalala usiku mara mbili bila mjadala. Siku ya mapumziko si siku ya kulala kitandani: panda asubuhi hadi Syangboche au kijiji cha Khumjung, karibu na mita 3,800, ukae kidogo, kisha urudi kulala chini. Siku hiyo anga likiwa safi utauona Everest kwa mbali nyuma ya ukuta wa Nuptse na Lhotse, pamoja na Ama Dablam ambao wengi, nami nikiwamo, huuona mzuri kuliko wote. Namche pia ni mahali pa kutolea fedha za mwisho, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu, tangu bakuli la supu hadi kuchaji simu, hulipwa taslimu na bei hupanda kadiri unavyopanda. Usione wanakuibia. Kila gunia la mchele na kila mtungi wa gesi umebebwa na mtu au mnyama.

Kutoka Namche njia huteremka hadi mtoni pale Phunki Tenga, kisha hupanda hadi Tengboche, mita 3,860, penye monasteri kubwa ya Kibuddha iliyojengwa mwaka 1916, ikabomolewa na tetemeko la 1934, ikajengwa, ikaungua 1989, ikajengwa tena. Ukiruhusiwa kuingia wakati wa sala, vua viatu na kofia, keti kimya, na usipige picha bila idhini. Njiani utakuta kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala. Pita upande wa kushoto, ukuta ukiwa mkono wako wa kulia, kama wenyeji wanavyofanya.

Siku inayofuata ni Dingboche, mita 4,410, ambako miti imekwisha na upepo wa alasiri ni mkali. Hapa utalala usiku mara mbili tena, na siku ya mapumziko utapanda kilima cha Nangkartshang kiasi unachoweza, si lazima hadi juu ambako ni mita 5,083. Ni siku inayochosha, na ndiyo siku ambayo makundi yenye haraka huiruka. Usikubali iondolewe.

Kutoka Dingboche hadi Lobuche, mita 4,910, utapita Thukla na kupanda hadi kwenye minara ya mawe ya kuwakumbuka waliokufa Everest, wageni na Washerpa. Simama hapo kwa adabu. Usiketi juu ya minara kula biskuti. Siku ya pili yake ndiyo ndefu kuliko zote: saa mbili au tatu hadi Gorak Shep, mita 5,140, unaacha mzigo, unakula, kisha saa mbili au tatu nyingine juu ya mawe yanayotikisika hadi kambini, na kurudi kulala Gorak Shep.

Katika njia yote, yaki na nyumbu wa mizigo wanapokuja, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa korongo, kwa kuwa mzigo unaotokeza ubavuni unaweza kukusukuma bondeni bila mnyama mwenyewe kukusudia. Kwenye daraja, subiri msafara wao umalize kuvuka ndipo uingie.

Kuhusu chakula, dali bhati, yaani wali na mchuzi wa dengu na mboga, ndicho chakula cha kutegemea: hupikwa upya kila siku, hushibisha, na mara nyingi huongezewa bila malipo. Nyama iache ukishapita Lukla, maana Khumbu hawachinji, na nyama inayoliwa huko imebebwa mgongoni kwa siku kadhaa bila barafu. Mwislamu anayetafuta halali hulipata jibu hilohilo kwa njia nyingine. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, pamoja na chai ya tangawizi na supu ya vitunguu saumu. Maji yachemshwe, yachujwe au yatiwe vidonge, na usitegemee chupa za plastiki, kwa kuwa halmashauri ilipiga marufuku plastiki za kutumika mara moja tangu mwaka 2020. Pombe na dawa za usingizi ziache hadi urudi Lukla.

Hatua ya nane: zijue dalili kwa moyo

Karibu kila mtu huumwa kichwa kidogo mahali fulani. Kichwa kikiambatana na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, huo ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitishwe vinginevyo. Anayeupata asipande zaidi. Akae palepale hadi dalili ziishe, na zisipoisha au zikizidi, ateremke.

Hali mbili zinaua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mgonjwa huchanganyikiwa, hujibu ovyo, hupepesuka kama mlevi. Mwambie atembee mstari ulionyooka akigusisha kisigino na kidole. Akishindwa, teremka naye saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ya pili ni maji kwenye mapafu: mtu hupumua kwa shida hata akiwa amekaa, hukohoa, baadaye hutoa makohozi yenye povu au damu. Vitabu husema midomo hugeuka buluu, jambo ambalo ni gumu kuliona kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo tazama ndani ya mdomo, ulimi na chini ya kucha. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni nacho kimeonekana kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mweleze mwongozaji wako jambo hilo, na namba nzuri kwenye kioo isiwanyamazishe wakati mwili unalalamika. Katika hali zote mbili dawa na oksijeni hununua muda, ila tiba ni kushuka, walau mita 500 hadi 1,000. Pheriche, zaidi ya mita 4,200, ina zahanati ya shirika la uokoaji la Himalayan Rescue Association inayofunguliwa misimu yote miwili, na Khunde, juu ya Namche, ina hospitali iliyojengwa mwaka 1966.

Usifiche dalili kwa sababu ya aibu au kwa sababu umechangiwa nauli na ndugu. Mwambie mwongozaji ukweli kila asubuhi na kila jioni, na makubaliano yawe yamefanywa tangu Kathmandu kwamba akisema shuka, unashuka.

Hatua ya tisa: kambini na Kala Patthar

Kambini hewa ina takriban nusu ya oksijeni ya pwani. Utaona maporomoko ya barafu ya Khumbu, ambayo ndiyo mlango wa wakweaji kuelekea juu, na mwezi Mei 2022 ndiyo aliyoyapita James Kagambi, Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, akiwa amevuka umri wa miaka 60. Usiingie katika mahema ya wakweaji bila kualikwa. Wanajilinda na maradhi ya kuambukizwa. Kaa nusu saa au saa moja, urudi kabla ya jioni.

Kilele chenyewe, chenye mita 8,848.86, hakionekani kutoka kambini. Anayetaka kukiona apande kilima cha Kala Patthar, zaidi ya mita 5,500, alfajiri inayofuata, akiwa na nguo zote alizonazo, na simu na betri akiwa amelala nazo ndani ya begi la kulalia ili baridi isizimalize. Aliyelala vibaya Gorak Shep aache kilima hicho na aanze kuteremka. Siku hiyohiyo kundi hushuka hadi Pheriche, kesho yake Namche au karibu nayo, na siku ya tatu Lukla. Mwendo wa kurudi ni wa haraka, na ndipo watu huteguka vifundo, kwa hiyo tumia fimbo na upumzishe magoti.

Hatua ya kumi: malipo ya mwisho na ndege ya kurudi

Jioni ya mwisho Lukla ndiyo ya kutoa bahashishi. Mpe kila mpagazi fedha yake mkononi mwake, mbele ya wenzake, kwa rupia. Jaketi au glavu usizozihitaji tena mpe yeye, ikiwa ni nzima na safi, na zisihesabiwe kama sehemu ya fedha hizo. Kiasi kijadiliwe na kundi kabla ya safari, kwa kuiuliza kampuni desturi ya mwaka huo, ili asiwepo anayeaibika mezani.

Tiketi ya kurudi nyumbani iache siku mbili au tatu wazi baada ya tarehe unayotarajia kutoka Lukla, kwani mawingu yakifunga uwanja foleni ya wasafiri hurundikana na wanaoahirishiwa husubiri nafasi inapopatikana. Kikohozi kikiendelea zaidi ya wiki mbili baada ya kufika nyumbani, au ukipata homa, nenda hospitali na umweleze daktari ulikokuwa na urefu ulioufikia. Kama homa imekuja siku za mwanzo baada ya kurudi, pima malaria kwanza: kule juu hakuna mbu, lakini huenda uliondoka nyumbani ukiwa nayo tayari.